Bibi alikataa kuingia ngomeni

Juzi binamu yangu alioko Mombasa kanitumia ujumbe watsap, ati huko kwenu Amu, yaani Lamu, mkiwa na harusi kubwa mnafanyia wapi, mna holi nyinyi? Nikamjibu ngomeni. Akanirushia zile sura za kucheka mpaka machozi, kadhani namfanyia mzaha. Nami nikakaa nikafikiri, wallahi huyu ana haki ya kucheka, sisi tumezoea tu mpaka hatuoni ajabu yake. Maana ukitoa misikiti, pahala pa ndani ambapo wengi wetu tumekusanyika kwa harusi, kwa mikutano, kwa maonyesho ya skuli na kwa kila jambo lenye watu wengi, ni ile ngome ya Mkunguni, uwanja wa katikati ya mji, na ngome ile kabla ya kuwa ukumbi wetu ilikuwa jela. Yaani jela kamili, ya kufuli na pingu, miaka 74.

Basi leo niandike hii habari yote mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma linki tu.

Ila lazima nianze na boriti. Najua mwashangaa boriti zaingiaje hapa lakini bila boriti hamtaelewa kitu. Mtu akija Amu huona majumba ya mawe, gorofa mbili gorofa tatu, kuta nene ukilala na hasira hata jirani hasikii, akajiuliza mji wenye majumba kama haya wakosaje chumba kimoja cha kukaa watu mia mbili. Ami yangu ni fundi, amekarabati nyumba nyingi za Mkomani na Langoni, na nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinituma nimpelekee chai kazini. Siku moja nimemkuta yuko ndani ya nyumba ya zamani, imebomoka nusu, akaniambia weka chupa hapo, pima hichi chumba kwa hatua. Nikapima urefu, hatua kumi na nne na ushee. Upana? Hatua nne za mtoto, nimefika ukutani. Nikafikiri walokijenga walikuwa mabahili wa nafasi. Akacheka akanionyesha juu, boriti za mkoko zimepangwa kama mbavu za samaki, na juu yake ile takataka nzito ya mawe ya matumbawe na chokaa. Akasema, "Hii boriti ikizidi futi 9 yapinda, na ikipinda wewe na chai yako mko tini."

Ndo hivo tu. Mji mzima umepimwa kwa urefu wa mti wa mkoko. Sebule ndefu nyembamba, msana mrefu mwembamba, ndani hivohivo pamoja na zidaka zake, vile vishubaka vya ukutani, kila chumba ni kama korido iliovaa mapambo. Waweza kuwa tajiri wa meli saba na bado harusi ya mwanao watu hawaenei. Na siku hizi hata ukiwa na simiti na vyuma, huwezi kuvunja nyumba tano za mji wa kale ukajenga holi, mji uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001 na ujenzi una masharti yake.

Kwa hivo watu walikuwa wakikusanyika wapi? Nje. Ukumbi wa Amu ulikuwa ni mtaa wenyewe. Wanaume baraza zao hizo za mawe mlangoni mwa kila nyumba, mbili zimeangaliana, mmoja akianza habari asubuhi mpaka alasiri imeshafika Wiyoni ikarudi na chumvi zaidi. Kirumbizi kilichezwa uwanjani, fimbo zikapigwa, mtu akapasuliwa kichwa kidogo na hakuna wa kukasirika. Na wanawake walikuwa na usiku wao. Bibi yangu husimulia vugo mpaka macho yang'ara, wanawake wametoka kwa mkumbo, kila mmoja na pembe ya nyati na kijiti chake wanagonga, wanaimba mafumbo ya kuchoma watu, na njia ikishakuwa ya vugo mwanamume mwenye akili zake ajifungia ndani au apita mtaa mwengine kabisa. Nyumba za jirani zilifunguliwa zote, wali unapikwa kwa huyu, bibi harusi anapambwa kwa yule, na pale penye wikio, ile daraja ya nyumba kwa nyumba, juu ya kichochoro, wanawake wapita kutoka nyumba hii hadi ile bila hata kushuka njiani. Chumba kidogo si shida ukiwa umeazima mtaa mzima.

Muweke hilo akilini, ntalirudia.

Sasa ngome. Sisi watu wa Amu tunapenda sana kusimulia vita vya Shela, vile watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa walivokuja na majahazi mwanzoni mwa miaka ya 1810, wakashukia Shela, kijiji cha jirani, wakapigwa, wakirudi mbio pwani wakute maji yametoka na vyombo viko mchangani. Hapo kila msimulizi huongeza mikono. Kitu ambacho hatukisemi kwa sauti kubwa ni kwamba tulishinda halafu usingizi ukakata. Watu waliogopa hao wakubwa watarudi kulipiza, ikabidi wende kwa Seyyid Said wa Oman kutafuta kinga, na kinga ikaja na liwali wake na askari wa Kibulushi. Ngome ikajengwa kati ya 1813 na 1821, mawe na chokaa na boriti zilezile, ila mafundi wakaifanya ya mraba na katikati wakaacha uwanja wazi usio na dari. Waona ujanja? Pahala pasipo dari boriti haina la kusema. Ndo pakapatikana, kwa bahati tu, pahala papana palipozungukwa na kuta katika mji ambao hauwezi kuwa na chumba kipana. Walipanga askari wapange foleni mle, hawakuwaza keki ya gorofa nne.

Karibu miaka 90 ilikuwa ya askari. Halafu Waingereza, mwaka 1910, wakaigeuza jela. Na ikakaa jela mkoloni akiwepo na mkoloni akiwa ameshaondoka, mpaka 1984. Hebu fikiria pahala penyewe palipo, si kisiwani mbali, si msituni, ni katikati ya mji, soko liko ubavuni, Mkunguni iko mbele, watu wanywa kahawa chini ya mikungu na nyuma ya ukuta kuna watu wamefungiwa. Ami asema wakiwa watoto mpira ukigonga ukuta wa ngome walikuwa wakikimbia kama waloiba.

Na hapa ndipo pa bibi.

Bibi alikuwa na kaka mmoja tu, ametangulia mbele ya haki kabla sijazaliwa. Wakati wa ukoloni huyu kaka alifungwa, miezi miwili, kwa ajili ya kodi. Si mwizi, si muuaji, hakulipa kodi kwa sababu msimu ule uvuvi ulikuwa mbaya. Bibi alikuwa na umri wa miaka kama tisa hivi, na mama yake haikuwa desturi kutoka mtana kwenda kusimama mbele ya askari, basi akitumwa yeye. Abeba mkate wa mofa na kipande cha samaki kwenye kitambaa, akae kwenye zile ngazi za mbele, angoje. Siku ya kwanza askari mmoja alipokea. Siku zilobaki walimfukuza, na yeye kila siku alirudi, maana nyumbani hakuwaambia kama afukuzwa. Chakula alikuwa akienda kuwapa paka wa sokoni kisha arudi na kitambaa kitupu. Miezi miwili. Mama yake amekufa akijua mwanawe alikula.

Hii habari mimi nimeijua nikiwa mtu mzima. Kabla ya hapo nilijua tu bibi hapendi ngome. Ukienda nae sokoni yuwapita upande wa mbali.

Baada ya 1984 jengo likawa mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, wafungwa wakaondoka, siku hizi jela iko Hindi upande wa bara, na ngome ikakarabatiwa, pakawekwa maonyesho ya mazingira, pakawekwa maktaba. Maktaba ile ndo imenisomesha mimi, niseme ukweli. Nyumbani tulikuwa wanane na taa moja, nikitaka kusoma kwa mtihani naenda ngomeni, nakaa karibu na dirisha, kuta nene ndani kuna baridi nzuri na kelele za punda zasikika kwa mbali. Bibi akiniuliza watoka wapi nasema maktaba. Maktaba ipi hakuuliza, nami sikusema, na kumbe sote wawili tulikuwa tunajua.

Sijui harusi ya kwanza mle ilikuwa ya nani, kila familia yasema ni yao. Lakini nilivokua mimi ilikuwa ni kawaida, mikutano mtana, kupamba usiku, yaani ile sherehe ya wanawake ya bibi harusi. Nimekaa mle kwenye vikao vya ile bandari mpya ya Lamu watu wanapiga meza, miaka ile ambayo mji mzima ulikuwa hauna habari nyengine ila bandari na ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe, mpaka Juni 2019 ile leseni ya makaa ikafutwa na watu wakashangilia. Na wiki hiyohiyo waweza kurudi pale na gauni la kukodi ukala pilau. Kiti ni kilekile, juzi alikikalia mvuvi amekasirika, leo wewe na kucha zako za kubandika.

Sasa tuje kwa harusi ya mdogo wangu. Nikah ilikuwa msikitini hiyo haina maneno. Ubishi ulikuwa kupamba kufanyike wapi. Mama kasema ngomeni, watu ni mia tatu hatuna pa kuwaweka. Bibi akasikia. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, nanyi mwajua sauti ya chini ya bibi ndo mbaya, "Mtu huolewa jela?" Mama akajaribu, oh si jela tena, ni makumbusho, mbona fulani alifanya, mbona binti wa jirani alifanya. Bibi akasema nendeni, mimi ntakaa nilinde nyumba. Nyumba ilikuwa haina cha kulindwa ila jokofu.

Ilikuwa wiki ya kununiana. Ndipo mama akanikalisha akanieleza ile habari ya kitambaa na paka. Nililia kwa kweli. Nikamwambia mama basi tuachane na ngome, akasema hapana, amana tumeshalipa, na pili hebu mwache huyo mzee aingie ule mlango mara moja kabla hajafa. Mdogo wangu ndie aliemaliza. Alienda akaketi miguuni pa bibi na hina yake mkononi haijakauka akasema, usipokuja na mimi siendi, waje wapambe kiti. Bibi akamtazama akasema wee mtoto una kiburi kama mjomba wako mkuu. Hapo tukajua atakuja.

Siku yenyewe visa vilianza na mapambo. Mpambaji tulimtoa nje ya Lamu, jina naliacha, vitu vyake vikaja na basi mpaka Mokowe kisha boti, kisha hamali wa mikokoteni mpaka Mkunguni. Fremu ya steji ilikuwa imeshaungwa, chuma kizima kimezungushiwa maua ya plastiki na taa ndogondogo. Ikafika mlangoni ikakataa. Ikageuzwa kulia, ikakataa, ikalazwa ubavu, ikakataa, mpambaji yuwalalamika ati mlango gani huu mdogo hivi wa jengo kubwa hivi, na hamali mmoja, kijana wa mtaa wa Kashmiri, akafuta jasho akamwambia, "Dada, huu mlango ulijengwa watu wasiingie." Mpaka leo hii sijasikia mtu akieleza ngome vizuri kuliko huyo. Ikabidi atafutwe fundi wa mashine za boti aje na spana aifungue fremu kipande kipande, na ilipoungwa tena mle ndani ilikuwa imelalia upande mmoja kidogo, ukitazama video utaona maua yote yanaelekea Shela.

Usiku ulikuwa mzuri mashallah. Mkiwa hamjawahi kuona ule uwanja ukiwa na taa, kuta za matumbawe zashika rangi kama siagi, na juu ni nyota tu. Wanawake waingia na mabuibui meusi, wakishapita kona wayavua, ghafla pale palipokuwa peusi panakuwa kijani na dhahabu na waridi. Mlangoni tulikuwa tumeweka mama wawili wakali, mmoja akusanya kadi, mmoja abandika stika kwenye kamera za simu, maana hatutaki mtu ajione kesho fesibuku kichwa wazi.

Nikampokea bibi pale chini. Alivaa lile gauni lake la zambarau na ukaya kichwani, amejifukiza udi mpaka wapita njia wanageuka. Tukapanda ngazi polepole, namshika mkono nahisi yuwatetemeka, nami nimejitayarisha na maneno ya kumtuliza. Tukafika mlangoni. Yule mama wa kadi, si mtu wa familia yetu, hamjui, akanyoosha mkono bila hata kumtazama. "Kadi, mama."

Bibi akasimama. Akamtazama yule mama, akanitazama mimi, akatazama mlango juu mpaka chini. Akasema:

"Zamani humu kuingia kulikuwa rahisi, kutoka ndo kazi. Leo kuingia nako kwataka kadi?"

Yule mama wa stika alicheka mpaka simu ya mtu ikamponyoka. Bibi mwenyewe akaanza kucheka, akapita, hivohivo, yuwacheka, akaingia mlango ule alioukalia miezi miwili akiwa mtoto.

Lakini lile neno la kadi limeniganda. Maana alikuwa sahihi, na si kwa habari ya jela. Harusi zake yeye hazikuwa na mlango. Nani alikuwa akialikwa vugo? Ukisikia pembe umealikwa. Wajane, watoto, mgeni ambae ameshuka na jahazi yana, yule mwanamke alogombana na mama mkwe, wote wako njiani na wote wala wali. Sisi tulikaa usiku wa manane na mama kwenye daftari tukikata majina, huyu aje na binti mmoja asije na wawili, huyu hakutualika kwake basi. Kwa nini? Kwa sababu viti ni mia tatu. Ngome ilitupa nafasi ambayo boriti zilitunyima, nashukuru sana, lakini na sisi tukaanza kuhesabu watu, na jirani yetu mmoja wa mlango wa pili, ambae jina lake lilisahauliwa tu, si kwa ubaya, hadi leo salamu yake ni ya nusu mdomo. Vugo lilipigwa dakika kumi, ndani, kwa spika. Pembe mbili za kuazima. Nje ya ukuta Mkunguni wanaume wanywa kahawa zao hawakuhitaji kukimbia popote.

Mama yangu akisoma hapa atasema sasa wewe wataka nini, watu mia tatu kwenye kichochoro, na punda wapite wapi? Sina jibu mama.

Bibi alikaa kiti cha ukutani usiku kucha, hakucheza. Nikimpelekea sambusa namkuta ameweka kiganja kwenye ukuta, kama mtu ahisiye homa ya mtoto. Bibi harusi alipoingia alisimama kama wengine akapiga kigelegele, meno hana lakini kigelegele kikatoka. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Kesho niregeshe hapa mtana."

Nikamrudisha, nikamlipia tiketi kama mgeni. Viti vilikuwa vimepangwa juu ya vyenzake vyangoja punda, maua ya plastiki yametapakaa, na juu maktaba watoto wawili wanasoma na mmoja amelala juu ya kitabu. Bibi akazunguka kila chumba, yuwaingia, asimama katikati, atoka. Kwenye maonyesho hakutazama picha hata moja. Akamuuliza kijana wa pale, mpole sana, wafungwa wa kodi walikuwa wakilala upande gani. Kijana akamwambia bibi hilo mimi sijui, nimezaliwa jela ishaondoka. Akasema haya.

Tukashuka. Kwenye zile ngazi alichagua ya tatu kutoka chini, akaketi, akatandika ukaya wake magotini. Mtana kweupe, Mkunguni yote yaona, wazee wa baraza wanajifanya hawaoni. Muuza kahawa akapita na dele lake, bibi akamwita. Mi sijawahi kumuona bibi akinunua kahawa njiani maisha yangu yote. Akanywa vikombe viwili, vya tangawizi, polepole. Kashata alizikataa, alisema za siku hizi wazijaza sukari.